Hita ya maji ya papo kwa papo inapojiwasha koki zikiwa zimefungwa

Hita isiyo na tangi haijui nani amefungua koki. Inachojua ni kama maji yanapita ndani yake au la. Mtiririko ukifika kiwango chake, kwa hita nyingi kati ya lita 1.5 na 3 kwa dakika, inawaka. Kwa hiyo ikijiwasha wakati hakuna anayeoga wala kuosha vyombo, mara nyingi hita yenyewe ni nzima na maji kweli yanapita. Tafuta kwanza yanakokwenda. Kukimbilia kununua sensa mpya, kile kifaa cha ndani ya hita kinachohisi maji yakipita, ni kutupa pesa, kwa sababu tatizo likiwa kwenye mabomba litabaki palepale.

Hakikisha kweli inawaka

Hita ya gesi yenye feni huendelea kuvuma kwa muda baada ya koki kufungwa ili kutoa moshi uliobaki. Hilo ni kawaida. Kwenye baridi kali, hita nyingi huwasha vipashio vidogo vya umeme ili maji yasigande ndani, na hilo nalo ni kawaida. Unachotafuta ni mwali kwenye dirisha dogo, alama ya moto kwenye skrini, au bomba la kutokea kupata joto.

Angalia pia koki za mkono mmoja. Mkono ukiachwa katikati, kila anayenawa anavuta maji ya upande wa moto hata kama anaondoka kabla joto halijamfikia. Sinki la jikoni peke yake laweza kuiwasha hita mara nyingi kwa siku. Iacheni mikono yote upande wa baridi kwa siku moja, muone kama itatulia.

Jaribio la vali

Funga koki zote za nyumba, kisha funga vali ya maji ya moto kwenye bomba linalotoka kwenye hita. Simama hapohapo usiondoke. Ikitulia, tatizo liko kwenye mabomba. Ikiwaka tena, angalia kwanza kama vali ya usalama, ile inayotoa maji presha ikizidi, inamwaga maji. Kama ni kavu, tatizo liko ndani ya hita. Moto ukiendelea wakati maji hayana pa kutokea, funga gesi au zima umeme mara moja na usiitumie tena mpaka itengenezwe. Ukisikia harufu ya gesi, usiguse swichi yoyote: fungua madirisha, funga gesi, toka nje.

Maji yanapovuka

Kosa linalosumbua kuliko yote ni maji ya baridi kukutana na ya moto mahali fulani ndani ya nyumba. Lipime hivi:

1. Zima hita. Fungua tena vali ya kutokea, funga ile ya maji baridi yanayoingia kwenye hita.
2. Fungua koki moja ya maji ya moto, ikiwezekana iliyo chini kuliko zote.
3. Subiri dakika tano. Maji yaliyobaki kwenye bomba yatachuruzika, kisha yakatike.

Yakiendelea kutoka, yanaingia kutoka upande wa baridi. Mtuhumiwa wa kwanza ni shawa ya mkono ambayo watu huifunga kwenye kichwa chake huku koki mbili za ukutani zikiwa wazi. Hapo mabomba mawili yanabaki yameungana. Choo kikijaza maji, presha ya upande wa baridi inashuka na maji yanatoka upande wa moto kwenda kuziba pengo, yakipitia kwenye hita. Mtuhumiwa wa pili ni kiini kilichochakaa ndani ya koki ya mkono mmoja.

Huku maji yakiendelea kutoka, funga vali ndogo zilizo chini ya kila sinki na kwenye mashine ya kufulia, moja baada ya nyingine. Utakapofunga ile inayokatisha maji, umempata. Badilisha kiini, au weka vali ya njia moja kwenye kila bomba linaloingia koki hiyo, la baridi na la moto.

Uvujaji

Koki inayodondosha matone haiwezi kuiwasha hita. Matone hayafiki kiwango. Mchirizi unaojaza lita moja kwa sekunde 40 ni lita 1.5 kwa dakika, na huo unaweza. Kama koki zote ni kavu na mita ya maji bado inazunguka, tembea peku utafute sehemu ya sakafu yenye joto: bomba la moto limepasuka chini yake.

Ikiwaka kwa sekunde mbili tatu tu

Ikiwaka kila pampu ya maji ya nyumba inapoanza, ni presha. Hewa iliyonaswa kwenye mabomba ya moto hubanwa presha inapopanda, na maji yanayosogea kuibana hupita kwenye sensa. Fungua koki zote za moto, zikianza za juu, mpaka zisiteme hewa. Kisha pima hewa ya tangi la presha la pampu, likiwa limemwagwa maji yote na pampu imezimwa: iwe psi 2 (psi ni kipimo cha presha) chini ya presha ambayo pampu huanzia. Pampu inayoanza kwa psi 20 inataka tangi lenye psi 18. Tangi la kupokea mtanuko, yaani tangi dogo linalopokea maji yanayotanuka yakipashwa, likifungwa upande wa moto nalo huleta hali hii. Lihamishiwe upande wa baridi, kabla ya hita.

Nyumba yenye pampu ya kuzungusha maji ya moto, kagua saa inayoiwasha na kuizima, na vali yake ya njia moja.

Ndani ya hita

Zima umeme, funga gesi na maji, acha ipoe, mwaga maji. Toa kichujio cha mahali maji baridi yanapoingilia, ukisugue kwa mswaki. Sensa ni gurudumu dogo lenye mapanga na sumaku. Sumaku hiyo hunasa chembe za kutu. Lipulize: lizunguke bila kukwama. Kama hita inaonyesha mtiririko kwenye skrini na inasoma zaidi ya 0 vali ya kutokea ikiwa imefungwa, na gurudumu ni safi, badilisha sensa. Pete za mpira zirudi na grisi ya silikoni, kamwe si ya petroli, maana huila mpira.

Hita ndogo za gesi zenye betri hutumia kiwambo cha mpira kinachosukuma pini, na pini hubonyeza swichi. Ukoko wa chokaa ukiikamata pini, hairudi, na cheche zinaendelea kulia baada ya koki kufungwa. Isugue kwa sufi laini ya chuma, uipake grisi ya silikoni, na usikie swichi ikilia "tik" inaporudi. Kiwambo kilichokakamaa kitupwe.

Za umeme ni hatari zaidi zikikosea: mguso wa relei (swichi ya ndani inayopeleka umeme kwenye koili) ukiungua na kuganda, koili inapashwa bila maji kupita, na inaungua. Zima sakiti breka yake na relei ibadilishwe na fundi umeme. Kukwangua mguso huo kwa msasa hakudumu.