Maji kwanza, wembe baadaye: kujiandaa kunyoa ndevu kwa mashine ya chuma

Anayeanza kunyolea mashine ya chuma, ile ya kufungua na kutia wembe wa makali mawili, aghalabu hukesha akichagua mashine. Mombasa kinachomharibia ni maji. Nyumba nyingi hapa hutumia maji ya kisima yenye chumvi, na hayo hayatoi povu: madini yaliyomo hushikana na sabuni yakafanya utando unaonata kwenye brashi, na usoni hubaki majimaji yasiyoweza kubeba wembe. Kuyachemsha si dawa, chumvi haiondoki. Basi weka kando nusu lita ya maji matamu, yawe ya mvua, ya mfereji au ya chupa. Hayo ni ya povu peke yake. Kuosha uso na kusuuza mashine, ya kisima yanatosha. Ukiwa na shaka, tia maji na kipande cha sabuni ndani ya chupa, utikise. Povu likizimika papo hapo na maji yakawa meupe kama yaliyotiwa chokaa, tafuta mengine.

La pili ni kuusoma uso wako, na kazi hii huanza siku mbili kabla. Acha ndevu ziote kidogo, kisha pitisha kidole pole pole kila upande. Kinapoteleza ndiko zinakolalia. Kinapokwaruza ni kinyume. Mashavuni kwa kawaida hulala kuelekea chini, ila shingoni usijiaminishe. Chini ya koromeo zaweza kupanda juu, na kwenye pembe ya taya zikaelekea sikioni. Wengi hujikata au kutoka vipele hapo hapo kwa kuwa walidhani shingo ni sawa na shavu.

Mwenye ndevu za kipilipili ana jambo zaidi la kulijua. Unywele uliokatwa kwa chini mno hujikunja ukaingia tena ndani ya ngozi, na ngozi huupokea kama mwiba. Ndiyo asili ya vipele vya ndevu. Kwa hiyo usivute ngozi ikakaza sana wala usinyoe kinyume, hata kama uso hautakuwa laini kama wa mtoto. Ikiwa tayari una vipele vyenye usaha, au makovu yako huvimba, usianze sasa. Tumia mashine ya umeme inayoacha nywele kama milimita moja mpaka ngozi ipoe.

Mashine yenyewe ina vipande vitatu: kifuniko, kitako na mpini. Ya anayeanza iwe na kitako chenye ukingo ulionyooka. Zenye meno kama ya kitana ziache kwa sasa. Unapotia wembe, ushike kwenye ncha fupi zisizo na makali, ulaze kwenye kifuniko, funika kwa kitako, bana huku ukikaza mpini. Kisha itazame kwa mbele: makali yachomoze sawasawa pande zote mbili. Upande mmoja ukizidi, legeza ukaze upya, maana huo uliozidi ndio utakaokukata. King Camp Gillette alipata hataza ya wembe wa aina hii Marekani mwaka 1904, kwa hiyo mashine ya babu iliyolala sandukuni, ikiwa haijaliwa na kutu, huenda bado ikapokea wembe wa dukani.

Wembe usinunue boksi zima la aina moja. Chukua pakiti ndogo za aina mbili tatu. Ukali hutofautiana, na ngozi yako ndiyo itakayochagua. Mmoja hunyoa mara tatu hadi tano. Ukianza kuvuta nywele, utupe.

Povu sasa. Loweka brashi dakika mbili, ikung'ute, tia krimu ya kunyolea kiasi cha punje ya njugu kwenye bakuli, zungusha dakika moja au mbili ukidondoshea maji matone machache machache. Linalofaa hung'aa na kuwa zito kama mtindi. Lenye mapovu makubwa lina hewa tu. Na zima pangaboi! Kwa joto letu upepo wake hulikausha povu kabla hujamaliza shavu la kwanza.

Nyoa baada ya kuoga, ndevu zikiwa zimelainika. Siku moja kabla, fanya mazoezi bila wembe: weka kifuniko shavuni mpini ukiwa umesimama wima kutoka usoni, uteremshe taratibu hadi ukingo uguse ngozi, takriban nyuzi 30. Hapo ndipo pa kunyolea. Usikandamize, uzito wa chuma unatosha. Kila mkato uwe wa sentimita mbili hivi, na wiki za mwanzo pita mara moja tu, kufuata ndevu zinakolalia. Tenga nusu saa, usiku usio na haraka. Si mkesha wa harusi yako, wala asubuhi ya Ijumaa ukikimbilia msikitini.

Uwe na shabu karibu, lile jiwe jeupe la kukaza ngozi, hupatikana sokoni Marikiti. Ukishasuuza uso kwa maji baridi, ilowanishe uipitishe, ngoja nusu dakika, suuza. Inapowasha zaidi ndipo ulipokandamiza.

Andaa pia kopo lenye mfuniko uliotobolewa mwanya, la kutupia nyembe kuukuu, kwani anayechambua taka hutia mkono asikokuona. Wembe usiazimane hata na ndugu: homa ya ini aina ya B na virusi vya UKIMWI hupitia damu. Ukimaliza, fungua mashine, ikung'ute, iache ikauke nje ya bafu. Hewa ya bahari haingoji wiki kuanza kuila.