Ukubwa wa Mlipuko wa Ugonjwa Hutegemea Njia Zinazounganisha Mazizi

Ugonjwa unapoingia eneo lako, usiulize tu zizi lililoathirika liko umbali gani. Uliza pia mifugo yake ilitoka wapi na ilipelekwa wapi katika wiki 2 zilizopita, kwa sababu mazizi yaliyo mbalimbali huwa majirani wa karibu iwapo yanatumia dalali mmoja, dume la mbegu mmoja au lori moja.

Mnada ndio fundo kubwa la njia hizo. Nchini Uingereza, mwaka 2001, ugonjwa wa miguu na midomo ulithibitishwa tarehe 20 Februari, na usafirishaji wa mifugo ukasimamishwa siku 3 baadaye. Hata hivyo, kondoo waliopitia minada ya Hexham na Longtown walikuwa wamekwisha kutawanyika, na hatimaye mashamba 2,026 yaliambukizwa na mifugo zaidi ya milioni 6 ikachinjwa.

Tabia ya kirusi cha ugonjwa huo nayo ilichangia. Dalili kwa kawaida hujitokeza kati ya siku 2 na 14 baada ya maambukizi, na mnyama anaweza kuanza kuambukiza wengine kabla hajadondosha mate wala kuchechemea. Kondoo wengi huwa na vidonda vidogo tu, ambavyo hutaviona usipomfungua mdomo na kukagua ufizi wa juu. Kwa hiyo huuzwa wakidhaniwa wazima. Homa ya nguruwe ya Afrika hupita njia nyingine: kirusi chake hudumu miezi kadhaa katika nyama iliyogandishwa, hivyo kufunga mnada pekee hakutoshi ikiwa nguruwe bado wanalishwa makombo ya jikoni.

Kwa maoni yangu, kinga ya kwanza ni kupunguza njia hizi kabla ugonjwa haujafika. Nunua kutoka chanzo kimoja unachokifahamu, na mnyama mgeni, pamoja na yule aliyerudi kutoka mnadani bila kuuzwa, atengwe siku 21, ahudumiwe mwisho, kwa ndoo na viatu ambavyo haviingii katika zizi kuu. Ninawasihi wafugaji wasiihesabu adha hii ya kusubiri kuwa hasara. Andika daftarini tarehe, muuzaji na gari kwa kila mnyama anayeingia au kutoka, ili dalili ya kwanza ikionekana daktari wa mifugo ajue siku hiyohiyo mazizi ya kukagua.