Kabla ya kufunga trela Uingereza: soma kwanza kibao cha gari

Unapohama nyumba Uingereza na kuona trela la kukodi kwa bei nafuu, usiende moja kwa moja kuuliza linabeba kilo ngapi. Anza na gari lako. Fungua mlango wa dereva uangalie nguzo yake, au inua boneti, utafute kibao au stika yenye namba ya chasisi. Chini ya namba hiyo kwa kawaida kuna mistari minne ya kilo. Wa kwanza ni uzito wa juu kabisa wa gari likiwa na watu na mizigo. Wa pili ni uzito wa juu wa gari na trela vikiwa pamoja. Miwili ya mwisho ni ya ekseli ya mbele na ya nyuma.

Toa namba ya kwanza kwenye ya pili. Gari lenye 1,650 na 2,650, likishajaa watu na mizigo, limebakiza kilo 1,000, na humo mna uzito wa trela lenyewe, si makochi na friji tu. Lakini kama mstari wa pili hauna kitu, una kistari, una sifuri, au unarudia namba ile ile ya kwanza, simama hapo. Mwongozo wa serikali ya Uingereza unasema wazi: gari ambalo kibao chake hakina uzito wa pamoja lisitumike kuvuta.

Hapa ndipo watu wengi hubishana. Utasikia mtu anasema, "Mbona trela dogo lisilo na breki linaruhusiwa hadi kilo 750?" Ni kweli, kikomo hicho kipo, na kinashuka zaidi ikiwa gari ni jepesi, kwa kuwa trela lisilo na breki halitakiwi kuzidi nusu ya uzito wa gari tupu. Gari la kilo 1,100 linaishia 550. Ila hivyo ni vikomo vya trela. Havilipatii gari uwezo ambao mtengenezaji hakulipatia. Mtengenezaji asipoandika uzito wa kuvuta, maana yake gari halikuidhinishwa kwa kazi hiyo: breki, upoaji wa injini au mota, giaboksi na bodi ya nyuma havikuthibitishwa vikiwa na mzigo unaosukuma kutoka nyuma kwenye mteremko. Ndivyo ilivyo kwa Nissan Leaf za matoleo ya awali na Renault Zoe. Gari ni zima, linakimbia vizuri, lakini si la kuvuta.

Usidanganywe na chuma kilichofungwa nyuma. Gari lililoanza kutumika kuanzia 1 Agosti 1998 linatakiwa kufungwa chuma cha kuvutia kilichoidhinishwa kwa aina hiyo ya gari. Fundi anaweza kukifunga kikakaza barabara, na kikawa ni cha kubebea baiskeli tu. Kwenye baadhi ya magari ya umeme ndicho pekee kinachoruhusiwa. Na kile kijitundu cha bampa kinachofungwa pete ya kuburuzia ni cha kuliokoa gari lako likikwama. Hakihusiani na trela.

Leseni nayo si jibu. Tangu 16 Desemba 2021, mwenye leseni ya kawaida ya gari Uingereza anaweza kuvuta trela la hadi kilo 3,500 bila mtihani wa ziada. Ruhusa hiyo ni ya dereva. Nimeona hata watu makini wakiichukua kama ruhusa ya gari, na inaniuma, kwa sababu aliyeko nyuma yao barabarani hakushirikishwa katika uamuzi huo. Sheria ya Usafiri wa Barabarani ya 1988 (Road Traffic Act), kifungu cha 40A, inamfanya mkosaji anayetumia gari au trela katika hali ya kuhatarisha mtu, na uzito wa mzigo ni mojawapo ya mambo yanayotazamwa.

Kwa hiyo, kabla hujalipa malipo ya awali ya trela, piga picha kibao. Kisha chukua kadi ya gari, ile V5C, utazame vipengele O.1, uzito wa trela lenye breki, na O.2, lisilo na breki. Vikiwa vitupu, kitabu cha gari au mtengenezaji ndiye wa kuulizwa, si muuzaji wa chuma. Mwenye gari lililoagizwa moja kwa moja kutoka Japani awe mwangalifu zaidi, maana kibao cha huko kinaweza kukosa mstari huo kabisa. Waandikie pia watu wa bima, nao wajibu kwa maandishi.

Namba zikikubali, yanayobaki ni mepesi: trela livae namba ya gari linalolivuta, vioo vya pembeni vikuonyeshe nyuma kupita upana wa trela, mwendo usizidi maili 60 kwa saa hata kwenye barabara za M (motorway, zile kuu za mwendo kasi), na pale barabara hizo zinapokuwa na njia tatu au zaidi za kuelekea upande wako usiingie ya kulia kabisa.

Zikikataa, kodi van. Leseni hiyo hiyo ya kawaida inakuruhusu kuendesha ya hadi kilo 3,500 ikiwa na mzigo wake, na makochi yatafika kwa safari moja au mbili.