Gunia Moja, Watoto Wanane: Bustani ya Mboga ya Mtaa

Kwa watoto wa miaka 6 hadi 10, gunia linafaa kuliko tuta. Halikanyagwi, na kila mtoto anayajua mashimo yake ya kupandia, yaliyo ubavuni mwa gunia.

Tafuta gunia la kilo 90, madebe 3 ya udongo wa juu, madebe 2 ya samadi, debe 1 la kokoto, na kopo kubwa lililokatwa kitako. Watoto wapime wenyewe. Samadi iwe imeoza: hainuki, na ukiichimba ndani haina joto. Mbichi huunguza mizizi.

Simamisha kopo katikati ya gunia, jaza kokoto ndani yake na mchanganyiko wa udongo na samadi pembeni, livute juu, jaza tena hadi gunia lijae. Nguzo hiyo ndiyo njia ya maji. Ikiziba, juu kunaloa chapachapa huku chini kukikauka. Mwagilia, kisha subiri siku 3 udongo ushikane. Ukitoboa mapema, utamwagika.

Kutoboa ni kazi ya mtu mzima: mistari 4 yenye mashimo 6 kila mmoja, umbali wa sentimita 20. Kila mtoto apate 3. Humo panda miche ya sukuma wiki yenye majani 4, mizizi isikunjwe. Juu ya gunia sia mchicha. Mbegu zake ni ndogo mno na watoto humwaga konzi nzima mahali pamoja, kwa hiyo changanya kijiko cha chai na kikombe cha mchanga mkavu. Huota ndani ya wiki, nao ndio utakaowarudisha watoto bustanini sukuma ikiwa bado inajivuta.

Ugomvi utakuwa kwenye maji. Wote wakimwagilia, majani yanageuka njano na mizizi inaoza. Weka zamu, mtoto mmoja kwa siku. Achomeke kidole hadi kiungo cha pili. Kikitoka na udongo unaonata, leo hakuna kumwagilia. Kikitoka kikavu, lita 5, nyingi zikipita kwenye kokoto.

Mche ukifa, usipachike mwingine jioni kwa siri. Ung'oeni pamoja, mtazame: mizizi imekunjwa, imeoza, au shina limekatwa na sota, yule kiwavi wa udongoni? Mtoto aseme kwanza anavyodhani, ndipo apande mwingine.

Kuvuna, avunje majani ya chini kwa kuyavuta kuelekea ardhini, abakize 5 ya juu. Mikono ioshwe kwa sabuni kabla mboga haijaingia jikoni.