Rasimu ya riwaya ya mapenzi ya kihistoria inapokwama

Mwandishi wa riwaya ya mapenzi ya kihistoria anapokwama katikati ya rasimu, mara nyingi kinachokosekana ni kizuizi cha kweli kati ya wapendanao, na kizuizi hicho hupatikana ndani ya sheria na desturi za zama alizozichagua. Nchini Uingereza, kwa mfano, sheria ya ndoa ya mwaka 1753 ilimtaka aliye chini ya miaka 21 anayefunga ndoa kwa leseni apate ridhaa ya mzazi au mlezi, ilhali Uskoti haikuwa na sharti hilo. Ndiyo maana wapenzi walitorokea Gretna Green, kijiji cha Uskoti kilicho karibu na mpaka. Sheria hiyo moja inazaa safari ya usiku, hofu na baba anayewafuatia kwa hasira, yaani sura kadhaa nzima. Tafuta sharti la namna hiyo katika zama zako, kisha uandike kwanza onyesho ambamo wahusika wanagongana nalo, hata kama liko mbali na sura iliyokukwamisha. Maelezo ya mavazi na taa usiyo na uhakika nayo yawekee alama ya nyota ili uyatafiti baadaye, uendelee. Naamini utafiti unaofanywa katikati ya sentensi umezima rasimu nyingi nzuri.