Kabla hujaezeka, pima upenu kwanza

Mbao ziwe kavu na zimepigwa dawa, bati angalia geji, yaani unene wake, fundi kamuone kazi zake za nyuma. Hayo mnayajua, mimi nataka tuongelee upenu, ile sehemu ya paa inayotokeza nje ya ukuta.

Wengi wanauona upenu ni urembo wa paa, na mimi nilikuwa hivo hivo. Naezeka Kivule, Dar es Salaam, hela imekata, fundi akanambia tukitoa upenu wa futi mbili tubakize nusu futi bati zitatosha, nikakubali fasta na asante juu. Kiangazi chote nyumba inapendeza. Ikaja masika, ile mvua ya Aprili inayopigwa na kusi, maji yakitoka kwenye bati yanateremka na ukuta mpaka chini, na ukuta ule ndo chumba cha watoto. Kikaanza kunuka uvundo, dirisha la mbao likavimba halifungi, siku nasogeza kitanda nakuta rangi imetoka malengelenge, kugusa tu na kidole plasta ikamwagika mkononi mchanga mtupu. Mtoto kakohoa wiki mbili! Kurekebisha tumeng'oa bati za chini, tumeunga kenchi (zile fremu za mbao zinazobeba bati), fishabodi mpya (ubao wa pembeni mwa paa), plasta mpya, rangi mpya, hela iliyotoka ni zaidi ya mara tatu ya ile niliyookoa.

Kwa hiyo upenu usishuke sentimita 60, ukiweza fika 90. Ukitaka mrefu zaidi weka nguzo, maana upepo unaingia kwa chini unanyanyua bati, na kenchi zifungwe na waya zilizotoka kwenye lenta, ule mkanda wa zege juu ya madirisha, simama hapo uone zinafungwa. Ukuta wa magharibi usiutegemee upenu peke yake, jua la saa kumi linapita chini yake, panda mti au toa kibaraza. Chini maji yanapodondokea piga zege au weka gata, mfereji wa kukinga maji ya bati, la sivyo yanachimba msingi na kurusha tope ukutani. Acha nafasi mpakani, maji yako yasimwangukie jirani. Na nyie wa kuficha bati nyuma ya ukuta uliopandishwa, kila dirisha liwe na kanopi yake, kijipaa cha juu ya dirisha, na gata la ndani lizolewe majani kabla ya vuli na kabla ya masika, likiziba maji yote yanaingia silingibodi, yaani mbao za dari.

Waya za umeme juu ya dari nazo ziangalie, ngazi ya fundi iangalie, na hela ya mwisho usimpe mpaka mvua kubwa moja ipite juu ya hiyo bati.