Intaneti ya nyumba ya uani huku Marekani: anza na anwani

Ndugu zangu mlioko Marekani, hasa mnaojenga nyumba ndogo nyuma ya nyumba kubwa ili wazazi au wadogo zenu wapate pa kukaa: kabla hujaipigia simu kampuni yoyote ya intaneti, hakikisha nyumba hiyo ya uani ina anwani yake, na kwamba anwani hiyo imo kwenye orodha ya posta ya taifa, USPS. Bei, kasi na ruta vitafuata. Anwani kwanza.

Sisi tuko kusini mwa Seattle, upande wa Kent na Renton, ambako watu wa kwetu ni wengi. Mwaka 2023 bunge la jimbo la Washington lilipitisha sheria ya kuitaka miji iruhusu angalau nyumba mbili za ziada katika kiwanja kimoja. California ilianza kulegeza masharti yake tangu 2017. Ndiyo maana siku hizi kila ukipita unaona uani kuna msingi unachimbwa. Mkaguzi wa jiji ataangalia umeme, mabomba, madirisha, hata sufi ya kuzuia baridi ukutani. Intaneti hakuna atakayekuuliza. Unapewa ruhusa ya kuhamia, unamwingiza mama ndani, ndipo unagundua kwamba nyumba mpya kabisa haiwezi kupokea simu ya WhatsApp kutoka Moshi.

Mdogo wangu na mkewe walipohamia uani, tuliagiza laini kwa jina lake. Jiji lilikwisha kuipa nyumba anwani: namba ileile ya nyumba kubwa, kisha herufi B. Mashine ya kampuni ya kebo haikuitambua. Wakala kwenye simu, kwa upole kabisa, akasema hilo si tatizo, ataandika anwani ya nyumba kubwa, fundi akifika ataelekezwa nyuma. Hapo ndipo mtego ulipofyatuka. Kwa mashine yao anwani moja ni kaya moja. Akija mteja mpya kwenye anwani yenye mteja, wanahesabu kwamba yule wa zamani amehama. Asubuhi ya siku ya fundi, intaneti ya nyumba kubwa ikakatwa na akaunti yetu ikafungwa. Fundi naye alipofika uani akatazama ukuta, akasema hakuna waya unaofika huku, hiyo ni kazi ya idara ya ujenzi ya kampuni, akaondoka. Nyumba mbili, intaneti hakuna hata moja.

Na haikuishia hapo. Kurudishiwa laini ya zamani hawakuweza, ilibidi tujiunge upya kwa bei mpya. Kisha ikaja bili ya modemu "isiyorudishwa", na modemu yenyewe ipo rafuni kwetu, ina taa zake. Tulipogoma kulipa, deni likapelekwa kwa wakusanya madeni. Mnaojua maisha ya huku mnajua maana yake: deni dogo la kipuuzi linaweza kuchafua rekodi yako ya mikopo hadi siku unayotafuta mkopo wa gari.

Kwa hiyo nasema tena: usikubali wakala atumie anwani ya nyumba kubwa kuagiza laini ya nyumba ya uani katika kampuni ambayo nyumba kubwa ina akaunti. Akikwambia atarekebisha baadaye, kata simu. Akikwambia wengine wote hufanya hivyo, kata simu.

Cha kufanya ni hiki. Ingia tovuti ya USPS, kwenye ukurasa wa kutafuta msimbo wa posta, andika anwani yako na herufi yake. Isipotokea, nenda posta ya eneo lako na barua ya jiji iliyoigawia nyumba anwani, waombe waiingize. Ikishaingia, iombe kampuni iihakiki anwani kwenye mfumo wake, na subiri hadi uione wewe mwenyewe kwenye tovuti yao. Halafu fungua ramani ya intaneti ya taifa ya FCC, yaani tume ya serikali inayosimamia mawasiliano huku. Ramani hiyo inaonyesha majengo na kampuni zinazodai kuyahudumia. Kama nyumba yako ya uani haimo, unaweza kuwasilisha pingamizi hapohapo kwenye ramani, bila malipo. Kama imo na kampuni inadai inaihudumia, hiyo ni silaha yako: dai hilo maana yake inaweza kukuunganisha ndani ya siku kumi za kazi bila kukutoza gharama za kurefusha mtandao wake. Wakikuletea makadirio ya maelfu ya dola, weka pingamizi.

Na wakiendelea kukuzungusha, andika malalamiko kwa FCC. Ni fomu ya mtandaoni, haina ada. FCC huipelekea kampuni, na kampuni inatakiwa ijibu kwa maandishi ndani ya siku 30. Sisi tulikuwa tumeongea na huduma kwa wateja mpaka tukachoka, kila mmoja akianza upya kutuuliza jina na tarehe ya kuzaliwa. Baada ya fomu ile alitupigia mtu mwenye mamlaka, deni likafutwa, na tukapewa barua ya kuthibitisha. Omba barua hiyo. Usiridhike na maneno ya simuni.

Nina maoni yangu kuhusu watu wa nchi hii. Wanaamini kilichoandikwa kwenye mashine kuliko macho yao. Fundi amesimama mlangoni pa nyumba, amekanyaga kizingiti chake, anakwambia nyumba haipo kwa sababu kishikwambi chake kinasema haipo. Inauma, na mgeni huiona kama dharau. Lakini upande wa pili wa tabia hiyohiyo ndio unaotuokoa. Huku huhitaji kumjua bosi wala kuwa na shemeji ofisini. Ukiandika malalamiko yako vizuri, kwa tarehe na namba za kumbukumbu, karatasi inakwenda yenyewe hadi inakotakiwa. Sisi tuliozoea kujuana tunaiona fomu kuwa kupoteza muda. Tuache mazoea hayo, tuandike.

Sasa waya. Kama wanaokaa uani ni familia yako, kwa kawaida huna haja ya akaunti ya pili. Vuta intaneti kutoka nyumba kubwa. Ndugu wa nyumbani wakisikia hivi husema, si uning'inize tu kutoka dirisha hadi dirisha? Mjomba wangu wa Mwanza aliniambia hivyo, na namheshimu sana, ila hapana, mjomba. Waya wa shaba unaoning'inia kati ya majengo mawili hualika radi, na nyumba zenye ethi (waya wa kuupeleka umeme ardhini) tofauti zinaweza kusukumiana umeme kupitia waya huo hadi vifaa viungue. Chimba mtaro, laza bomba la PVC la inchi moja, acha kamba ndani yake, kisha pitisha faiba iliyokwisha kufungwa vichwa vyake kiwandani. Faiba ni kioo, haipitishi umeme. Waya wa mtandao wa shaba una kikomo cha mita 100, na uani ni mara chache kufika huko, lakini faiba ndiyo salama. Usiipitishe kwenye bomba moja na waya wa umeme. Kama ujenzi bado, laza bomba hilo sasa, mtaro wa maji ukiwa wazi.

Kabla ya jembe kugusa ardhi, piga 811, namba ya kuomba uchorewe mabomba na nyaya zilizofukiwa. Ni bure, na ni sheria. Watakuja kuchora rangi: nyekundu kwa umeme, njano kwa gesi, chungwa kwa mawasiliano, buluu kwa maji. Lakini sikiliza vizuri hapa, maana watu huumia wakidhani wamemaliza: hao wanachora laini za makampuni tu, kwa kawaida hadi kwenye mita. Bomba la gesi linalotoka kwenye mita yako kwenda uani ni mali yako, halichorwi. Waya wa umeme unaotoka nyumba kubwa kwenda uani, vivyo hivyo. Uani pasipo na rangi si uani mtupu. Tafuta michoro ya ujenzi, au lipa mtu mwenye kipimo cha kutafuta mabomba. Msije mkampa kijana aliyefika mwezi uliopita sururu na kumwambia achimbe.

Kupeleka waifai tu kutoka nyumba kubwa, kwa vile virefusho vya dukani, sikushauri. Nyumba mpya zina foili ukutani na vioo vyenye utando mwembamba wa chuma wa kuzuia joto, na vyote viwili huzuia mawimbi. Mtaro ukishindikana, nunua jozi ya redio za kurushiana intaneti, moja kila nyumba, zionane uso kwa uso.

Kama uani anakaa mpangaji, usimgawie laini yako. Mikataba mingi ya nyumbani inakataza kuuza huduma nje ya kaya, na mpangaji akipakua filamu za wizi, barua ya onyo inakuja kwa jina lako. Awe na akaunti yake, kwa anwani yenye herufi yake. Na mpangaji ajue haki yake: tangu 1999 kuna kanuni ya FCC inayomruhusu kuweka dishi lisilozidi kipenyo cha mita moja kwenye sehemu anayoitumia peke yake, hata mwenye nyumba akinuna. Starlink, intaneti ya setilaiti, inaingia humo. Najua Kenya mmeizoea tangu 2023, ila huku kwetu misonobari ni mirefu na dishi linataka anga wazi, kwa hiyo pima kwanza kwa programu yao ya simu.

Intaneti ya 5G ya makampuni ya simu ni nzuri kwa kuanzia: kisanduku kimoja, hakuna fundi. Huuzwa kulingana na nafasi iliyobaki kwenye mnara, basi leo unaweza kukataliwa na mwezi ujao ukapata. Hapa anwani ya nyumba kubwa haina madhara, mradi nyumba kubwa haina akaunti na kampuni hiyohiyo. Soma lebo ya bei, ambayo makampuni yanatakiwa kuionyesha tangu 2024. Tazama bei baada ya ofa kuisha. Wauzaji wa kubisha hodi wanalipwa kwa kila sahihi. Ndugu mgeni asiwape namba yake ya Social Security mlangoni, na asijibu "yes" kwenye simu kwa adabu tu, maana inarekodiwa na inahesabiwa kuwa amekubali.

Jambo la mwisho linarudi kwenye anwani. Uani simu nyingi hupigwa kupitia waifai kwa kuwa mtandao wa simu ni dhaifu ndani. Simu ya dharura, 911, ikipigwa hivyo, anwani inayoweza kumfikia mpokeaji ni ile iliyosajiliwa kwenye mipangilio ya simu. Chukua simu ya mama, fungua mipangilio ya kupiga kwa waifai, weka anwani ya dharura pamoja na ile herufi B, kisha hakikisha herufi hiyo imebandikwa mahali inapoonekana kutoka barabarani, siyo uani peke yake.